Trela Mpya au ya Mtumba: Siku Tatu Elkhart

Kaskazini mwa jimbo la Indiana, nchini Marekani, upo mji uitwao Elkhart, mahali mto wa jina hilo unapoingia katika mto St. Joseph. Ardhi ya huko ni tambarare, mahindi pande zote mpaka upeo wa macho, na katikati ya mahindi yamejengwa majumba marefu ya bati. Mpita njia asiyejua atadhani ni maghala ya nafaka. Kumbe ni viwanda, na mbele ya kila kiwanda zimepangwa nyumba nyeupe za magurudumu, mamia kwa mamia, zikingoja kukokotwa kwenda kila pembe ya Marekani na Kanada.

Hizo ndizo trela za kusafiria. Si trela tunazozijua sisi, zile za makontena zinazojaza barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Ni chumba, jiko, choo na vitanda vilivyojengwa juu ya fremu ya chuma, na pikapu ya mwenyewe ndiyo punda wake. Tulifika huko Juni iliyopita, sisi na mama yetu, tukiandamana na dada yetu anayeishi Columbus, Ohio, pamoja na mumewe na watoto wao watatu. Walikuwa wanataka kuiacha trela yao ya zamani na kuchukua iliyo bora, na swali lao lilikuwa lile lile linalowakabili watu katika yadi za magari hapa Mombasa: wanunue mpya au iliyokwisha tumika? Kwetu swali hili mara nyingi hujibiwa na mfuko kabla hujafungua mdomo, maana gari jipya wengi wetu hulitazama kwa macho tu. Huko Marekani mfuko unaweza kudanganywa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Huenda msomaji akauliza familia ya Kiislamu ina haja gani na nyumba ya kukokota. Nchi ile ni pana mno, hoteli ni ghali kwa watu sita, na mama anayetaka kuwapikia wanawe chakula halali njiani hana raha katika chumba kisicho na jiko. Ndani ya trela yako unajua kilichomo sufuriani. Mwanamke hufunga mlango, akavua buibui lake, akawa kwake. Dada na shemeji walianza na trela ya hema, yaani sanduku la magurudumu ambalo likifika kambini hufunuliwa, na kuta zake huwa turubai. Watoto walipokuwa wadogo iliwatosha. Sasa binti mkubwa ana miaka kumi na mitatu, wa pili ana kumi na mmoja, na kaka yao ana tisa. Taa ikiwashwa usiku, turubai huonyesha kivuli cha kila anayebadilisha nguo. Choo nacho kilikuwa cha kambi, cha kuendewa na tochi, na mama yetu magoti yake hayamruhusu tena safari hizo. Tena dini imetufundisha kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka kumi. Haja yao, basi, ilikuwa kuta ngumu, choo cha ndani, na sehemu ya mabinti yenye mlango. Hatuoni anasa katika hayo.

Elkhart ina jumba la makumbusho la trela, na humo imehifadhiwa moja ya mwaka 1913, sanduku la mbao nyuma ya gari la Ford Model T. Zamani mji huu ulisifika kwa tarumbeta na ala nyingine za bendi. Kazi ya trela ilishika mizizi katika miaka ya 1930, na leo sehemu kubwa kabisa ya trela za Marekani hutoka katika wilaya hii na jirani zake. Neema yake hujaa na kupwa kama bahari. Februari 2009 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya mwenzetu, alikwenda Elkhart wiki chache tu baada ya kuapishwa, kwa sababu uchumi ulikuwa umeanguka na ukosefu wa kazi katika mji ule ulikuwa umepita asilimia 15. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Watu walioogopa ndege na hoteli wakazikimbilia trela, na mwaka 2021 viwanda vya Amerika Kaskazini vikatoa takriban trela na magari ya kulala 600,000. Kufikia mwaka 2023 idadi ilishuka hadi kama 313,000. Kwa mnunuzi, maana ya hesabu hizi ni kwamba sokoni zimo trela nyingi zilizonunuliwa kwa pupa, zikatumika misimu miwili mitatu, na wenyewe wamerudi makazini wakiwa na deni wasilolitamani. Maana yake ya pili ni kwamba zile za miaka ya pupa ziundwa kwa haraka kuliko kawaida, na haifai kuzinunua bila kuzikagua kwa makini.

Mafundi wengi wa viwanda hivyo ni Waamish, jamii ya Wakristo wanaoishi kwa mila zao za kale. Hawamiliki magari wala hawaingizi umeme wa serikali majumbani mwao. Tuliwapita karibu na Shipshewana wakiwa katika magari yao ya farasi, wanawake wakiwa na magauni marefu ya rangi moja na kofia nyeupe zilizofunika nywele. "Hawa nao wana stara yao," akasema Mama, akapunga mkono, na mmoja wao naye akapunga. Waume zao huchukuliwa na magari ya kukodi kwenda kuunda nyumba za safari ambazo wao wenyewe hawawezi kuzikokota. Huanza kazi kabla ya jua kuchomoza, na wengi hulipwa kwa idadi ya trela zilizokamilika, si kwa saa. Ni watu hodari wa seremala, hilo halina shaka. Lakini fundi anayelipwa kwa idadi hana muda wa kurudia msumari uliokwenda kombo, na anayedhani kwamba kitu kipya hakina kasoro afike Elkhart ajionee.

Siku ya kwanza tulikwenda yadi ya trela mpya. Dada aliipenda moja kuliko zote. Nyuma ilikuwa na chumba cha vitanda vya ghorofa chenye mlango, jiko lilikuwa na oveni, na bei yake ilikuwa dola 45,000. Tulipovuta droo ya vijiko ilibaki mkononi. Bomba la sinki lilicheza kama jino la mtoto. Na ndani mlikuwa na harufu kali iliyomtoa machozi yule kijana wa miaka tisa. Harufu ya aina hiyo hutoka kwenye gundi ya mbao za kubandika, nayo ina historia. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwahifadhi waathiriwa katika trela zaidi ya 100,000, na Februari 2008 idara yake ya afya ikatangaza kwamba nyingi zilikuwa na kiwango kikubwa cha kemikali iitwayo fomaldehaidi. Baadaye zilipigwa mnada zikiwa na kibandiko cha kuonya kwamba si za kuishi, na baadhi ya walionunua wakaziishi. Sheria ya mbao hizo imekazwa tangu wakati ule. Hata hivyo trela mpya hutakiwa kufunguliwa madirisha siku kadhaa kabla mtoto hajalazwa ndani. Katika jambo hili, kwa rai yetu, trela iliyokwisha kaa miaka mitano juani ina ubora wake.

Muuzaji alikuwa kijana mpole, mwenye adabu. Hakuitaja tena ile 45,000. Alichukua karatasi akaandika 406.

"Mkitanguliza dola 5,000, zinazobaki mtalipa 406 kwa mwezi," alisema.

Mama akataka afasiriwe, kisha akauliza, "Kwa miezi mingapi?"

Miezi 180, yaani miaka kumi na mitano, kwa riba ya asilimia 9. Binti mkubwa akatoa simu yake, akapiga hesabu pale pale: dola 73,080 kwa mkopo wa 40,000. Ziada ni 33,080, na kwa ziada hiyo mtu angenunua trela nyingine. Isitoshe, kwa kawaida trela mpya hupoteza kama humusi ya thamani yake mwaka wa kwanza, kwa hiyo mkopaji huweza kukaa miaka mingi akidaiwa zaidi ya thamani ya kitu chenyewe. Akitaka kukiuza, hutoa fedha mfukoni ili auze.

Kwa Muislamu hesabu ingeishia kwenye neno riba, hata ziada ingekuwa dola kumi. Lakini tusiwahukumu ndugu zetu walio ugenini kwa wepesi. Jua la Juni huko huzama saa tatu na dakika ishirini usiku, na Isha huingia usiku mwingi. Kwa hiyo mazungumzo ya jioni ile yalikuwa marefu. Shemeji ni mtu wa msikiti, na hakuna aliyemfundisha kuhusu riba. Alikuwa amechoka tu kuishi katika nchi ambayo kila mlango una mkopo nyuma yake. "Mpya ina dhamana ya mwaka mzima," alisema. "Ya mtumba ikiharibika usiku njiani, na wanangu wamo ndani, nitamwita nani?"

Dada naye, kwa sababu nyingine kabisa, aliitaka mpya. Wamarekani husafiri na mbwa wao, tena humlaza mbwa kitini na kitandani. Oveni zao zimechomwa nyama ya nguruwe. Angeswali vipi juu ya sakafu asiyoijua? Angewaokea watoto mkate katika oveni ile? Sisi tulinyamaza, kwani hoja yake ilikuwa na uzito, na wanawake wenzetu wanaosoma haya wanalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Mama alikuwa akivuta tasbihi yake pembeni. Akasema, "Mbwa huoshwa, mwanangu. Riba mtaiosha kwa nini?"

Hapakuwa na aliyejibu. Fedha taslimu walizokuwa nazo ni dola 21,000, zilizokusanywa kwa miaka minne, nyingi zikitoka katika ayuto, chama cha kupeana zamu ambacho dada anacho na kina mama wa Kisomali wa Columbus. Siku ya pili tukaanza kutazama za mtumba.

Adui mkubwa wa trela ni maji. Kuta zake ni fremu nyembamba iliyofunikwa kwa bati au fiberi, na viungo vya paa huzibwa kwa gundi inayotakiwa kukaguliwa kila mwaka. Gundi ikipasuka, tone moja huingia, mbao huoza ndani kwa ndani, na nje pakabaki papya. Kwa hiyo husogei kutazama mapazia. Unapanda ngazi kuona paa. Unabonyeza kuta kwa kidole gumba, hasa pembeni na chini ya madirisha. Unakanyaga sakafu mbele ya choo na mlangoni kusikia kama inalegea. Unafungua makabati na kuingiza pua. Ukuta wa nje uliovimba kama andazi ni alama kwamba tabaka zake zimeachana, na dawa yake ni ghali. Kisha magurudumu. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, mathalani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huchoka kwa umri hata kama meno yake bado ni mazima, na zikipita miaka mitano au sita, hesabu gharama ya mapya. Ukitoka nchi isiyo na theluji utasahau pia kuuliza kuhusu baridi: maji yakiachwa katika mabomba wakati wa kipusa huganda na kuyapasua. Mwishoni ni uzito, maana pikapu ina kikomo cha kukokota, na kikomo hicho hakijali kwamba umependa rangi.

Trela mbili walizikataa siku hiyo. Ya kwanza ilipigwa rangi ndani juzi juzi, na katika kila kabati mliwekwa kikopo cha manukato. Shemeji alibonyeza ukuta wa nyuma, kidole kikazama. Ya pili hati yake ya umiliki ilikuwa bado imeshikwa na benki. Katika fiqhi tuliyosomeshwa vyuoni, muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake akainyamazia amepata dhambi, na mnunuzi anayegundua aibu ya kale ana khiyari ya kurudisha. Mikataba ya mtumba huko mara nyingi huandikwa kwamba kitu kinauzwa kama kilivyo, na ukishatia saini, aibu ni yako. Ndiyo maana wapo wakaguzi wa kulipwa, na dola mia kadhaa anazochukua mkaguzi ni nafuu kuliko sakafu moja iliyooza.

Siku ya tatu tulifika kwa mzee mmoja na mkewe nje kidogo ya mji wa Goshen. Trela yao ilikuwa ya mwaka 2019, ikiwa na vitanda vya ghorofa nyuma walivyowanunulia wajukuu, ambao sasa wamekua na hawaji. Walitaka dola 18,500. Kabla hatujaingia, mzee alimshika shemeji mkono akampeleka pembe ya nyuma, akamwonyesha kwa kidole: hapa palivuja miaka mitatu iliyopita. Akatoa bahasha yenye picha za mbao zilizotolewa, risiti ya fundi, na risiti za gundi ya paa za kila mwaka. Hakuna aliyemuuliza. Mkaguzi aliyefika mchana alipitisha kipima unyevu ukuta mzima, akakuta ni mkavu.

Adhuhuri iliingia tukiwa hapo, na mke wa mzee akatupa ruhusa ya kuswali katika uwanja wake. Mombasa tunaelekea kaskazini takriban sawasawa, lakini huko kibla ni kaskazini-mashariki, nasi kila tulipotandika miswala ilibidi tuanze na dira. Tulipunguza na kukusanya kama wasafiri. Baada ya swala dada alikusanya ujasiri wake akamuuliza yule bibi: je, mbwa wenu alikuwa akilala humu?

Bibi alishangaa kidogo, kisha akajibu kama mumewe alivyojibu kuhusu paa. Ndiyo, alikuwa naye, na alilala juu ya kiti cha mezani, upande wa dirisha, vitandani hakuruhusiwa. Nyama ya nguruwe waliikaanga jikoni asubuhi nyingi. Dada alimweleza sababu ya swali lake kwa upole, na bibi akasema laiti wanunuzi wote wangeuliza mambo wanayoyajali.

Mama naye alikuwa na ukaguzi wake. Ubavuni mwa choo palikuwa na mpira wa kunyunyizia maji, ambao wenyewe waliuweka kwa ajili ya kusafishia bakuli. Aliujaribu, akasema huo peke yake una thamani ya dola mia tano. Tangi la maji safi lilikuwa la lita 150 hivi. Tuchukulie watu sita, udhu mara tano kwa siku, na kila mmoja aachie bomba lita nne: lita 120 zimekwisha kabla ya kupika, na tangi la maji machafu limejaa likidai kwenda kumwagwa. Kwa kopo la lita moja, ni lita 30. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kipimo kisichofika lita. Wauzaji wa trela hawana habari ya hesabu hii, na familia ya Kiislamu yafaa iifanye kabla ya kuchagua, iwe mpya au ya mtumba.

Wakaafikiana dola 17,500, taslimu, hati mkononi.

Columbus, dada alimuuliza imamu wa msikiti wao. Akamwambia kwamba mahali pasipojulikana kuguswa na unajisi pabaki katika asili yake ya tohara, asijitie wasiwasi. Panapojulikana, paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Mto wa kile kiti na trei za oveni wakavitupa. Jumamosi nzima mabinti walichanganya udongo wa bustani na maji katika ndoo, wakasugua ubao wa kiti, jiko na ndani ya oveni, kaka yao akihesabu kwa sauti na kuwarudisha nyuma kila walipodai wamefika saba nao wako sita. Tairi nne, zote zikiwa na tarakimu 1118, zilibadilishwa Jumatatu iliyofuata kwa fedha zilizobaki.